Ugonjwa Ambao Mzee wa Kanisa Hakuutaja

Usharika wetu hapa mlimani, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, una wazee wa kanisa zaidi ya kumi, lakini ukisema "Mzee wa Kanisa" bila kuongeza neno, kila mtu anajua unamsema nani. Ni yule aliyekuwa anasoma matangazo. Siku hizi anaishi Kijenge, Arusha mjini, kwa binti yake, matangazo anasoma mwinjilisti, na watu wanasinzia.

Wakati wake hakuna aliyesinzia. Alisoma matangazo ya ndoa, ya mnada wa mavuno, ya bei ya buni, na kila tangazo aliliongezea mkia wake. Nakumbuka Jumapili moja mbuzi wa mjane mmoja alikuwa amepotea. Mzee akavua miwani, akatutazama, akasema: "Mbuzi ni mweupe, ana doa jeusi sikioni. Aliyemwona aje aseme. Aliyemla aje atubu." Mbuzi alirudi Jumatatu asubuhi, amefungwa kwenye mlango wa kanisa kwa kamba mpya.

Hakuwa mtu wa kuona haya. Kipindupindu kilipoingia wilayani alisimama akataja nyumba zisizo na choo, nyumba moja baada ya nyingine, na mojawapo ilikuwa ya mchungaji msaidizi. Miaka ya nyuma, wakati watu walikuwa wanasema fulani amerogwa au ana "ugonjwa wa siku hizi", yeye alisema madhabahuni kwamba UKIMWI upo, tena umo humu humu ndani ya viti hivi, na asiyetaka kusikia atoke. Hakutoka mtu.

Nayaeleza haya ili mtu aelewe kwa nini nilikasirika kiasi kile siku alipokunja karatasi yangu.

Mimi ni muuguzi wa zahanati. Nilizaliwa Kikatiti, nikapangiwa kazi hapa, na nimekaa hapa muda mrefu mpaka watoto niliowazalisha wameanza kuniletea watoto wao. Mzee wa Kanisa alikuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya zahanati. Paa tulilonalo ni yeye aliyelipigania. Aliwafuata viongozi wa halmashauri ofisini, akakaa kwenye benchi lao siku tatu mfululizo na chakula chake mkononi, mpaka wakamwita ndani kwa kuchoka kumwona. Na kabla hatujapata gari la wagonjwa, gari letu lilikuwa pikapu yake. Nyuma ya kiti aliweka blanketi na chupa ya chai wakati wote. Mtoto mmoja alizaliwa ndani ya pikapu ile tukiwa hata mji wa Usa hatujafika. Mzee alisimamisha gari pembeni, akashuka, akatugeuzia mgongo, akaimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa ili mama asione aibu kupiga kelele.

Kila mwezi alikuja kupima presha. Alivua kofia mlangoni, akangoja aambiwe akae, ingawa kiti alikileta yeye. Nikimpa dawa, aliniomba nitaje jina lake mara mbili, kisha akaliandika kwenye kidaftari kidogo cha mfukoni, herufi moja moja. "Kitu kinachoingia mwilini mwangu lazima nikijue jina," alikuwa anasema. Mfuko wa parachichi alikuwa anauacha chini ya meza, na nikimshukuru alijifanya hasikii.

Mke wake alikuwa mcheshi kuliko yeye. Alikuja kwangu siku moja, peke yake, akafunga mlango, akaniambia damu imemrudia. Alikuwa ameshakoma hedhi miaka mingi.

"Nilidhani ujana umerudi," akasema, akacheka.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Krismasi. Tulikuwa tumeshafika mwezi wa sita. Nilimpima, nikaona nilichokiona, nikaandika barua ya rufaa saa ile ile, na Mzee akampeleka kwa pikapu. Majibu yalikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imekwenda mbali. Alipelekwa kwenye mionzi, akarudi amekonda, akalala.

Sijawahi kumwona mwanamume wa huku akimuuguza mke wake vile. Wakwe zake wa kike walikuja kumwogesha bibi, akawarudisha. Alimwogesha mwenyewe. Alimfulia vitambaa mwenyewe, nyuma ya zizi, akavianika mahali ambapo mpita njia haoni. Ugonjwa ule ukifika mwisho una harufu, na harufu ile huwezi kuifungia chumbani. Kila aliposikia wageni wako njiani, Mzee alikuwa anaingia jikoni na kukaanga buni ili nyumba nzima inuke kahawa. Wageni walikuwa wanasifu kahawa. Mimi niliyekuwa nakuja kubadilisha dawa za maumivu nilikuwa najua.

Siku moja alinisindikiza mpaka kwenye mgomba wa mwisho wa kihamba chake, shamba la nyumbani, akasimama.

"Nesi, ile karatasi ya hospitali, nani mwingine ameisoma?"

"Daktari na mimi, Mzee."

"Basi iishie hapo."

Nikamwahidi. Hata asingeniomba, kazi yangu inanibana. Siri ya mgonjwa si yangu kuigawa.

Siku ya mazishi waliposoma wasifu wa marehemu tulisikia kwamba alisumbuliwa na vidonda vya tumbo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama kati ya wanawake, nikainamisha kichwa. Wiki iliyofuata wanawake watano walikuja zahanati kuulizia dawa ya vidonda vya tumbo, kila mmoja akisema hata mimi kuna kitu kinanichoma hapa, isije ikawa kama ya yule mama. Niliwaambia wote kwamba tunapima pia mlango wa kizazi, ni dakika chache, tunapaka siki tu na kuangalia. Mmoja alinijibu, "Huko mimi siumwi, nesi." Wote watano waliondoka na vidonge vya tumbo.

Basi hapo ndipo nilipokuwa ninaishi: kati ya ahadi na wanawake wale.

Kisha ikaja chanjo. Wizara ilikuwa imebadilisha utaratibu, ikawa dozi moja tu badala ya mbili, kwa wasichana wa miaka tisa hadi kumi na minne. Nilifurahi kama mtoto. Dozi moja, mkono mmoja, na msichana amekingwa dhidi ya virusi vile vinavyoleta saratani iliyommaliza yule mama. Niliandika tangazo kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa ili Mzee asihangaike na miwani, nikampelekea kabla ya ibada.

Alifika kwenye karatasi yangu. Nilimwona anaisoma kimya, midomo ikitembea. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Tangazo linalofuata," akasema, "ni la kwaya ya vijana."

Baada ya ibada nilimfuata nje. "Mzee, tangazo langu?"

"Lile halisomeki kanisani."

"Ulisoma la UKIMWI."

"UKIMWI ni UKIMWI," akanijibu, akaenda kuwasalimia watu.

Ukimya wake ulisikika kuliko tangazo ambalo lingesomwa. Watu walikuwa wameshaona mabango barabarani, walikuwa na sauti za kwenye simu zilizokuwa zinazunguka kwenye magrupu, kwamba sindano ile inafunga kizazi, kwamba wazungu wanapunguza watu, kwamba kwa nini wasichana tu. Walikuwa wanangoja kusikia Mzee atasemaje. Hakusema kitu, na kila mmoja akatafsiri anavyotaka. Wala si watu wa shamba peke yao. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, anafanya kazi benki hapo Arusha mjini, ana digrii, ana binti wa miaka kumi na miwili, aliniuliza kwenye simu, "Hiyo si ya wale wanaojiuza?" Mabango yetu yenyewe yameandikwa Kiswahili cha semina. Nimeyabandika mwenyewe, na nikiyasoma naona usingizi.

Jumanne iliyofuata tulifika shuleni mapema na boksi la chanjo. Mwalimu mkuu alikuwa amewapanga wasichana barazani. Wa tatu kwenye mstari alikuwa Elinipa, mjukuu wa Mzee wa Kanisa, binti wa darasa la saba, mrefu, mwenye maswali. Alikuwa anaishi na babu yake kwa sababu mama yake, binti wa Mzee, ni fundi cherehani Kijenge, anaondoka kibandani kwake jioni. Mama yake nilikuwa nimeongea naye kwa simu, akasema, "Mchome nesi, wala usiniulize mara mbili."

Nilikuwa nimemaliza mtoto wa kwanza nilipomwona Mzee anaingia getini. Alikuwa na kofia kichwani. Hakusalimia mtu, na kwa mtu yule hilo peke yake lilitosha kunitisha.

"Elinipa. Toka hapo."

Mtoto akanitazama.

"Mzee, shikamoo," nikasema. "Mama yake amekubali. Nimeongea naye."

"Mama yake yuko Kijenge. Mtoto yuko kwangu."

"Mzee, wewe mwenyewe unajua..." Nikaishia hapo. Baraza lote lilikuwa linatusikiliza. Nilitaka kusema unajua ugonjwa huu unafanya nini, umeufua kwa mikono yako nyuma ya zizi. Nikayameza.

Elinipa akatoka kwenye mstari. Hakulia. Alimpita babu yake akatangulia kwenda nyumbani peke yake, na Mzee akamfuata nyuma. Wazazi waliokuwa wamesimama kwenye uzio wakaanza kuita watoto wao kwa majina. Mstari ulipungua kama mtu anavuta uzi. Saa nne asubuhi tulikuwa tumebaki na wasichana wachache ambao wazazi wao hawakufika kuwaita. Nilirudi na boksi karibu lote, nikakaa stoo nikalia, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira. Nilikuwa na hasira na mtu ambaye mwezi uleule alikuwa amebeba mgonjwa wangu mgongoni kutoka bondeni kwa sababu pikapu ilikwama kwenye tope.

Nilimfuata nyumbani kwake baada ya wiki mbili. Alinipokea vizuri, akanipa loshoro kwenye bakuli kubwa, ndizi na maziwa mgando mpaka juu. Nikatoa kipeperushi changu. Alinisikiliza.

"Kwa nini wasichana tu?"

"Kwa sababu wao ndio wana mlango wa kizazi, Mzee. Saratani hii inawapata wao."

"Na kwa nini bure? Mbolea nauziwa. Dawa ya presha nauziwa. Hii tu ndiyo ya bure?"

"Chanjo ya surua ilikuwa bure. Polio ilikuwa bure. Na wewe ulinisaidia kubeba watoto."

Nikadhani nimempata. Kisha akauliza, akitazama bakuli lake, "Hivyo virusi vinaingiaje?"

Nikajibu kama nilivyofundishwa, haraka haraka. "Kwa kujamiiana, Mzee. Ndiyo maana tunawachanja kabla hawajaanza."

Alisimama. "Maliza chakula chako, nesi," akasema, akatoka kwenda kwa ng'ombe, na hakurudi mpaka nilipoondoka. Niliamini amekasirika kwa sababu nimemtaja mjukuu wake pamoja na neno lile. Nikasema moyoni, mzee huyu ni kama wengine wote, anaogopa kusikia kwamba msichana atakuwa mwanamke.

Baada ya hapo sikumwambia tena. Naandika hili kwa aibu. Alikuja kila mwezi kupima presha, akavua kofia, akakaa. Tuliongea habari za paa, za mvua, za kahawa. Chanjo ilikuwepo kwenye friji, hatua sita kutoka kwenye kiti chake, na Elinipa alikuwa bado na miaka kumi na minne. Lakini niliogopa. Nilikuwa nahitaji mwenyekiti wa kamati. Nilikuwa nahitaji pikapu. Na nilikuwa nimechoka kukataliwa na mtu ninayempenda.

Alikuja siku ambayo haikuwa ya presha, mwezi wa tano wa mwaka uliofuata, mvua zimepungua. Alikuwa na Elinipa, amevaa sare za sekondari. Mzee alikaa bila kuambiwa.

"Ile sindano bado ipo?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Ya nani, Mzee?"

"Ya huyu."

Akanieleza kwa maneno machache. Binti yake wa Kijenge alikuwa amekwenda kupima kwenye zahanati moja ya mjini, akafuata tu mwenzake. Wakamkuta na mabadiliko kwenye mlango wa kizazi, mapema, wakamtibu siku hiyohiyo, na sasa yuko salama. Daktari akamuuliza kama ana binti, na kama binti amechanjwa. Akampigia baba yake simu. "Ameniuliza, baba, mtoto alichomwa? Nikakata simu," akasema Mzee. "Sijawahi kumkatia mtoto wangu simu."

Nikamgeukia Elinipa. "Umezaliwa mwezi gani?"

"Wa pili. Nimetimiza kumi na tano, nesi."

Nilihesabu miezi kwa vidole chini ya meza. Kisha nikawaambia utaratibu wetu unaishia miaka kumi na minne, kwamba nitauliza mjini kwenye hospitali za binafsi, wakati mwingine zipo na wakati mwingine hazipo, na kwamba sitaki kuwapa ahadi.

"Amepitwa kwa miezi mitatu?" akauliza Mzee.

"Kwa miezi mitatu."

Elinipa hakumtazama babu yake. Alisema taratibu, kama mtu anayesahihisha hesabu, "Mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari."

Mzee akamwambia akangoje nje kidogo. Mlango ulipofungwa akavua kofia, akaiweka magotini.

"Kule kwenye mionzi daktari mmoja kijana aliniambia ugonjwa ule mwanamke anaupata kwa mwanamume," akasema. "Mke wangu hakumjua mwanamume mwingine. Nilimwoa akiwa msichana. Basi ni mimi. Kabla sijamwoa nilikaa Mererani nikichimba madini, nilikuwa kijana mjinga. Nimemuua mke wangu, nesi. Na wewe ukataka nisimame mbele ya usharika niutaje, na mtu mmoja pale ndani angeuliza unaingiaje."

Nilivuta kiti changu mpaka karibu naye. Nikamwambia kwa lugha ya kawaida yale ambayo hayakuwemo kwenye kipeperushi changu. Kwamba karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu hukutana na virusi hivi, watakatifu kwa wakosaji. Kwamba kwa wengi mwili huviondoa wenyewe bila mtu kujua, na kwa wachache hukaa kimya miaka na miaka. Kwamba hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema vilitoka kwa nani. Kwamba kama mama yule angepimwa mapema, angetibiwa kama alivyotibiwa binti yake. Hukumuua, nikamwambia. Hakuna aliyemuua. Tulichelewa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, na sauti ndogo kwake ilikuwa kitu kigeni, "Kwa nini hukuniambia hivi?"

"Ulitoka nje, Mzee. Siku ile uliniacha na bakuli."

"Nilitoka siku moja. Miezi yote hii nimekaa kwenye kiti hiki."

Nikaiangalia friji, hatua sita kutoka pale alipokaa.

Alimwita Elinipa. Mtoto akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama. Nikaanza kumweleza kuhusu kupima akifika umri, kwamba asingoje maumivu, na kwamba wadogo zake wa kike bado wana muda wa kuchanjwa. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza mimi, si babu yake.

"Nesi, bibi alikufa na nini?"

Nikamtazama Mzee. Ahadi ilikuwa bado inanibana, na yeye ndiye peke yake aliyeweza kunifungulia. Alizungusha kofia magotini, mara moja, mara mbili.

"Saratani ya mlango wa kizazi," akasema.

Alilitamka lote, polepole, hakuacha hata herufi. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akilisema, kwa sababu kabla ya mavuno alihamia Kijenge. Siku ile tulikuwa watu watatu tu, na mlango ulikuwa umefungwa.